Stesheni ya Mombo Juu ya Meza

Mwezi wa saba, jua la Lushoto huchelewa kufika. Ukungu hulala juu ya msitu wa Magamba mpaka asubuhi inakaribia kwisha, mabati hudondosha maji kana kwamba mvua imenyesha usiku kucha, na anayeumwa huambiwa abaki ndani, ajifunike vizuri. Wageni huingia kwa zamu. "Ugua pole, mzee." "Asante, nimeshapoa." Wanaacha matunda mezani, wanakaa kidogo, wanarudi kwenye shughuli zao. Kisha nyumba inanyamaza, na mgonjwa anabaki akihesabu misumari ya dari.

Mazungumzo ya leo yanamhusu mtu huyo. Hayuko mahututi. Hospitali imeshamruhusu, dawa anameza, chakula kinapita. Lakini moyo umechoka, au kifua kinabana, au mguu umefungwa plasta, au mkono wa kulia umelegea baada ya kiharusi. Kwenye tambarare, mtu wa namna hiyo angejikongoja taratibu hadi kwenye baraza ya jirani. Milima ya Usambara haimruhusu. Hapa jirani yuko juu au yuko chini. Ukishuka kumsalimia, kurudi ni kupanda. Kwa hiyo wiki zinageuka miezi, na kinachoumia zaidi si tena moyo wala mguu. Ni ile hali ya kutokuwa na kazi yoyote inayomngoja asubuhi.

Mtu huyo anaweza kujenga reli.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, mtoto mdogo aliyeitwa Christopher alilala kitandani akiugua surua, mjini Birmingham, Uingereza. Baba yake, mchungaji Wilbert Awdry, alimsimulia hadithi za vichwa vya treni ili siku isogee. Mtoto alizipenda mno, na baba akibadilisha neno moja, mgonjwa alimsahihisha. Ikabidi ziandikwe. Kitabu cha kwanza kilitoka mwaka 1945, na kutokana na hadithi hizo akazaliwa Thomas, yule treni wa buluu ambaye watoto wa Dar es Salaam na Nairobi wanamjua kwenye televisheni. Kinachosahaulika ni kwamba mchungaji huyo alimchongea mwanawe kichwa cha treni kwa mikono yake, kwa mpini wa ufagio na vipande vya mbao vilivyobaki. Vitu vya dukani vilikuwa adimu, vita vilikuwa vinapiganwa. Mpini wa ufagio ulitosha. Baadaye Awdry mwenyewe alinogewa na reli za mezani, akawa anazibeba kwenda kuzionyesha kwenye maonyesho.

Mpini wa ufagio upo katika kila nyumba ya Lushoto.

Reli ya mezani ni nini hasa? Ni nchi ndogo iliyojengwa kwa kipimo. Kila kitu kimepunguzwa kwa mgawo mmoja: treni, nyumba, mti, mtu na mbuzi wake. Hapo ndipo inapoachana na mchezo wa kitoto. Mtoto hajali dereva akiwa mrefu kuliko gari. Mjenzi wa reli ya mezani huchukua rula. Kipimo kinachotumika zaidi duniani ni 1 kwa 87, yaani sentimita 1 mezani ni sentimita 87 ardhini. Mtu mzima wa kawaida hubaki na urefu wa sentimita 2, sawa na kipande cha njiti ya kiberiti. Kumchora uso hakuna haja. Kumvisha kanzu au khanga kunawezekana, kwa tone la rangi kwenye ncha ya sindano.

Hobi hii ilipata umbo lake Ujerumani. Mwaka 1891, kwenye maonyesho ya biashara ya Leipzig, kampuni ya Märklin, iliyoanzishwa mwaka 1859, ilitoa treni ya kuchezea yenye reli za upana maalumu, ili aliyenunua kipande leo aweze kuongeza kingine mwakani. Miaka miwili baadaye, mwaka 1893, Wajerumani wengine wakaanza kutandika reli ya kweli Tanga, Reli ya Usambara. Nayo ilikua kipande kwa kipande. Ilifika Muheza, kilomita 40 tu, mwaka 1896, kampuni iliyoijenga ikaishiwa fedha, na mwaka 1899 serikali ya kikoloni ikaichukua. Ilifika Korogwe mwaka 1902, Mombo mwaka 1905 na Moshi mwaka 1911. Kilomita 352 kwa miaka 18. Mgonjwa anayejilaumu kwamba wiki nzima imepita na amemaliza ukuta mmoja tu wa stesheni, aiweke hesabu hiyo karibu na kitanda.

Na wakati wa kuwasimamisha wale watu wa sentimita 2 kando ya reli, wasiwe mabwana wenye kofia peke yao, kama inavyoonekana kwenye picha nyingi za zamani. Tuta lile lilipandishwa kwa mikono ya vibarua Waafrika, wengi wao wakishurutishwa. Meza ya Lushoto iwape nafasi yao, na majembe yao.

Sasa hesabu ndogo. Kilomita 352 zikigawanywa kwa 87 ni kilomita 4 na ushei, kama kutoka mjini Lushoto ukiwa unaelekea Irente. Hakuna sebule ya namna hiyo. Ndiyo maana mjenzi huchagua mahali pamoja, akapajua mpaka mwisho. Kwa mtu wa Lushoto, mahali hapo ni Mombo. Reli ya Usambara haikupanda mlimani kumfuata; ilipita chini, na yeye ndiye aliyeshuka zaidi ya kilomita 30 za kona, akapita Soni na maporomoko yake, hewa ikizidi kuwa nzito masikioni, mpaka kwenye joto la bondeni. Mombo ndipo kabichi, viazi na matunda ya milimani hukutana na barabara kuu. Mtu akiulizwa alipoiona treni kwa mara ya kwanza, kama alikulia Lushoto, kuna uwezekano mkubwa akataja Mombo.

Meza? Mlango wa zamani unatosha, ukilazwa juu ya kreti za soda. Huko Marekani wajenzi wengi hutumia milango vilevile, kwa sababu ni mipana, myepesi na haipindi. Mlango wa mita 2 unabeba mita 174 za Mombo halisi: jengo la stesheni, reli mbili za kupishania, bohari, mti mmoja wa kivuli na wauza matunda. Asiyeweza kusimama wala kukaa kwenye kiti aanze na ubao wa magotini, kama ule wa kuchambulia mchele, ajenge nyumba moja moja akiwa ameegemea mto. Mlango utamsubiri.

Reli yenyewe inavutia kwa vipimo vyake. Reli ya Usambara ina upana wa mita 1. Ukiigawa kwa 87 unapata milimita 11 na nusu, na viwanda vya Ulaya hutengeneza reli za milimita 12 kwa ajili ya njia za namna hiyo hasa. Treni kubwa za bustanini za LGB, zilizoanza kuuzwa Ujerumani mwaka 1968, zina reli za milimita 45, nazo ni reli ya mita 1 iliyopunguzwa kwa 22 na nusu. Maana yake, mwenye ndugu ughaibuni akiletewa seti ya LGB siku moja, amepata reli ya Tanga karibu kwa kipimo chake barabara. Anayependa njia nyembamba zaidi ana ile ya Sigi, ya milimita 750, iliyotoka Tengeni kama kilomita 23 kwenda chini ya Amani kufuata magogo. Nyumba ya msimamizi wa stesheni ya Sigi ingalipo, inapokea wageni wa hifadhi ya Amani.

Lakini turudi kwa asiye na ndugu ughaibuni. Chini ya mlima wake kuna mkonge. Mbegu yake iliingizwa nchini mwaka 1893, mwaka uleule wa reli, na Richard Hindorf. Kati ya miche 1,000 iliyosafirishwa kutoka Florida, iliyofika hai ilikuwa 62. Miche ile 62 ndiyo mama wa mashamba ya Tanga, na ndiyo iliyomwachia mjenzi wa mezani vifaa viwili vya ajabu. Cha kwanza ni ule mlingoti unaochipuka katikati ya mkonge unapotoa maua. Ukikauka, ndani yake ni laini na mwepesi. Unakatika kwa kisu cha jikoni bila kumchosha mtu mwenye mkono dhaifu. Vilima, matuta na kuta za mawe huchongwa humo. Cha pili ni nyuzi. Kamba ya katani ikikatwa vipande vya milimita 5 na kusimamishwa kwenye gundi mbichi, inakuwa nyasi za kiangazi za Mombo, rangi yake ikiwa tayari. Wajenzi wa Ulaya hutumia kamba hiyohiyo kwa nyasi ndefu.

Paa hutoka kwenye boksi la maziwa, upande wa fedha ukiwa juu, likikunjwa mistari kwa kalamu iliyokauka wino mpaka lionekane bati. Magurudumu hukatwa kwenye kandambili zilizochakaa. Hilo kila mtu aliyewahi kuunda gari la waya analijua. Kokoto za reli ni mchanga uliochekechwa kwa chujio la chai. Gundi ya karatasi ni unga wa ngano uliokorogwa na maji ya moto.

Na mzigo wa treni uwe magogo. Huko Shume, juu kabisa, Wajerumani walikata miti ya mwangati, ule mti mwekundu unaonukia. Kuiteremsha lilikuwa tatizo, kwa sababu ukingo wa mlima umesimama kama ukuta. Kampuni ya Wilkins & Wiese ikaweka njia ya kamba za chuma, iliyotengenezwa na kiwanda cha Bleichert cha Leipzig, mji uleule wa maonyesho ya Märklin. Ilinyooka kama kilomita 9, magogo yakining'inia hewani, kutoka Shume hadi Mkumbara, ambako treni iliyapokea. Mezani, njia hiyo ni uzi mweusi, vibiringisho viwili vya cherehani na mkono wa kuzungusha. Kwa kidole kilicholegea ni zoezi zuri: zungusha, gogo linashuka, zungusha nyuma, linapanda.

Gogo lenyewe ni penseli. Mwangati ni mti uliotumika kutengenezea penseli, na penseli ya kawaida ina unene wa milimita 7. Mara 87, ni sentimita 60. Huo ni mwangati mzima wa msituni. Ikwanguliwe rangi kwa wembe, ikatwe vipande vya sentimita 6, vipangwe vitatu vitatu kwenye behewa. Ikitokea penseli ni ya mwangati kweli, chumba chote kitanukia Shume.

Umeme si lazima mwanzoni. Katika Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani walitandika njia nyembamba ya muda kutoka Mombo kwenda Handeni, na vigari vyake vilisukumwa na watu kwa mikono. Treni ya mezani inayosukumwa kwa kidole ina historia yake papo hapo. Siku umeme utakapotakiwa, kuna habari njema kwa vijiji vya milimani: treni nyingi za kipimo cha 1 kwa 87 hutumia volti 12 za mkondo mnyoofu, sawa na betri ya sola iliyo pembeni ya kabati. Kati ya betri na reli kuwe na fyuzi na kidhibiti cha mwendo, kwa sababu msumari mmoja ukidondoka juu ya reli mbili, betri kubwa inaweza kuwasha waya moto. Kazi hiyo apewe fundi redio wa sokoni.

Ukuta wa mlima ndio unaowashinda wengi. Tofauti ya kimo kati ya Mombo na Lushoto inakaribia mita 1,000. Kwa kipimo, ingetakiwa mita 11 na nusu za mlima, kupita kimo cha nyumba ya ghorofa tatu. Mjenzi hana budi kuufupisha, na mwalimu wa kazi hiyo ni mtu ambaye mwenyewe alikuwa na moyo mbovu. John Allen, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1913, aliugua homa ya baridi yabisi ujanani, ugonjwa uleule unaoharibu mioyo ya vijana wengi Tanzania hadi leo. Kazi nzito hakuziweza. Katika nyumba yake huko Monterey, California, alijenga reli iliyopita kwenye milima iliyoanzia sakafuni ikaishia darini, na picha zake zikabadilisha hobi nzima: tangu hapo wajenzi walianza kuujali mlima kama wanavyoijali treni. Aliifanya kazi hiyo mpaka alipofariki mwaka 1973. Siri yake mojawapo ni rahisi na inafaa Usambara: miti mikubwa iwe mbele, midogo iwe nyuma, na rangi ya mlima izidi kufifia kadiri unavyopanda. Anayetazama Magamba akiwa dirishani anaiona kanuni hiyo ukungu unapoanza kuondoka.

Mwanamuziki Rod Stewart, aliyepata kutibiwa saratani mara mbili, alitumia zaidi ya miaka 20 kujenga mji mzima wa Marekani wenye reli kwenye ghorofa ya juu ya nyumba yake. Lakini mfano unaogusa zaidi ni wa mwanamuziki mwingine, Neil Young. Mwanawe Ben, aliyezaliwa mwaka 1978, ana mtindio wa ubongo. Hasemi, na mikono haimtii. Baba alijenga reli kubwa ghalani, kisha akakaa na wahandisi kutengeneza swichi kubwa ambayo Ben angeweza kuibonyeza, treni ikaondoka, ikasimama. Mwaka 1995 Young alijiunga na wawekezaji walionunua Lionel, kampuni kongwe ya treni za namna hiyo. Swichi ya Ben ifikiriwe vizuri. Ni kijana ambaye kila kitu alifanyiwa na wengine, kula, kuvaa, kugeuzwa kitandani. Halafu kikawepo kitu kimoja chumbani ambacho hakiendi mpaka yeye aseme kiende.

Usambara ina ushahidi wake kuhusu kazi na uponyaji. Lutindi, katika milima hiyohiyo upande wa Korogwe, palianzishwa mwishoni mwa karne ya 19 kama makao ya watoto waliookolewa utumwani, kisha pakawa hospitali ya wagonjwa wa akili, miongoni mwa kongwe kabisa Afrika Mashariki. Wagonjwa wa Lutindi hawalazwi tu. Hushiriki shughuli za shamba, za chai na za mikono, na shughuli hizo zimehesabiwa kuwa sehemu ya matibabu. Kwenye mwisho ule mwingine wa reli, Moshi, hospitali ya KCMC hufundisha wataalamu ambao kazi yao ni kumrudishia mgonjwa uwezo wa kufunga vifungo, kushika kijiko, kujimwagia maji. Mtu aliyepata kiharusi akiweza kumwona mmoja wao, amwonyeshe hata ile stesheni. Atamwambia behewa lipi lichukuliwe kwa mkono gani, na kwa muda gani.

Tahadhari zipo, na hazifai kupitwa haraka. Vumbi la mvule huwasha ngozi na kuchochea pumu, kwa hiyo mwenye kifua asiupige msasa kabisa, hata kama mabaki ya seremala yako bure. Boksi na mlingoti wa mkonge vitamtosha. Moshi wa kulehemu nyaya nao ni adui wa kifua. Mwenye sukari ambaye vidole vimeanza kufa ganzi asishike chuma cha moto wala wembe peke yake, kwa sababu anaweza kuungua au kujikata bila kuhisi. Rangi za kupuliza zitumiwe nje na kijana wa nyumbani. Ndani zitumike rangi za maji. Na saa ya kupumzika iheshimiwe. Hobi hii ina tabia ya kumfanya mtu asahau dawa ya saa nane, basi dawa ikae palepale mezani, ndani ya bohari la Mombo.

Wenye nyumba nao wana sehemu yao. Mke anayeona mume wake, mhasibu au mwalimu wa sekondari, akikata kandambili vipande vya duara, anaweza kuogopa kwamba ugonjwa umepanda kichwani. Asimnyang'anye. Ampe kona ya chumba isiyofagiliwa ovyo, na kopo la kutupia vipande. Wajukuu waruhusiwe, mmoja baada ya mwingine, kwa masharti. Mjukuu atauliza treni inakwenda wapi, na babu atakuwa na la kumjibu: ilikwenda Moshi, mwaka 1929 ikafika Arusha, mwaka 1963 ikaunganishwa na Reli ya Kati huko Ruvu, ikalala miaka mingi, mwaka 2019 abiria wa Dar es Salaam wakapanda tena hadi Moshi, na mwaka 2020 hadi Arusha.

Kuanzia hapo wageni hubadilika. Anayekuja kusema ugua pole hasimami tena mlangoni akitafuta maneno. Anajikuta ameinama juu ya mlango wa zamani, miwani imeshuka puani, anatazama bati la boksi la maziwa, nyasi za katani, penseli tatu juu ya behewa. Kama ni mtu mzima aliyewahi kushukia Mombo, atanyamaza kidogo, kisha atauliza kama lile tangi la maji halikuwa upande wa pili wa reli. Mgonjwa atabisha. Watabishana mpaka chai ipoe. Na jioni, mgeni akishaondoka, mgonjwa ataling'oa tangi taratibu, gundi ikiwa bado mbichi, na kulihamishia ng'ambo.